Mgeni Asiyetaka Kushinda

Barafu ilikuwa imekwisha kwenye duka la jirani, ikabidi Mfamasia azunguke mpaka kule kwenye stoo za mbao. Jua lilikuwa linazama. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa zake zilifanana: anafunga duka la dawa, ananunua barafu, anakwenda kwa kaka yake kucheza poka mpaka wifi yake aseme chakula kiko tayari.

Alipotoka na mfuko ukimdondokea miguuni, kuna mtu alikuwa anamngoja.

Hakungoja kwa kusimama. Alikuwa anakwenda hadi kwenye nguzo ya taa, anageuka, anarudi, anakwenda tena. Mtu wa makamo, shati safi, kola imefungwa kifungo. Macho mekundu. Mfamasia aliyajua macho ya namna ile, huyaona kila siku ng'ambo ya kaunta. Macho ya mtu asiyelala.

"Dada," alisema, miguu ikiendelea. "Leo mnacheza?"

"Tunacheza nini?"

"Karata. Nimesikia kuna kiti kiko wazi."

Kilikuwa wazi kweli. Fundi wa mafriji, mtu wao wa tano, alikuwa amehamia mji mwingine, na poka ya watu wanne hupooza. Mfamasia alijua habari zimevujia wapi. Kinyozi, mmoja wa wachezaji, alikuwa na mdomo usio na komeo. Akinyoa kichwa kimoja, mtaa mzima unajua.

"Dau letu ni dogo," alimwambia. "Sisi tunacheza kuondoa uchovu."

"Dogo linatosha," alisema yule mgeni. "Lolote linatosha."

Wakaondoka. Mgeni alitangulia, kwa mwendo wa haraka, na Mfamasia akamfuata akimwelekeza njia kwa nyuma. Kushoto. Nyoosha. Kulia pale kwenye ukuta wa bluu. Maduka yalikuwa yanateremsha milango. Barabara ikawa kimya.

Hapo ndipo aliposikia.

Nyayo za Mgeni zilikuwa mbele. Zake mwenyewe alizijua, kandambili zinazopiga kisigino. Lakini katikati... katikati yao kulikuwa na nyayo nyingine. Nzito. Za polepole. Na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, wakati njia yote ilikuwa lami.

Akasema moyoni ni mwangwi wa kuta. Mtu mzima haogopi mwangwi.

Kaka yake alikuwa mwendesha winchi, tena mtaa wote ulimwita Winchi. Jitu la mtu, kifua kama kabati. Kutwa alikuwa ndani ya kijumba cha vioo juu ya lile jengo refu linaloinuka katikati ya mji, akinyanyua nondo na matofali. "Kazi yangu mimi ni kukaa," alipenda kusema. "Wengine wanalipwa kwa akili, mimi nalipwa kwa makalio." Mkewe alikuwa akimjibu kwamba basi hata mshahara uende huko huko.

Meza ilikuwa imetandikwa blanketi la kijivu ili karata ziteleze. Mwalimu, mzee mstaafu wa hesabu, alishachukua kiti chake cha karibu na dirisha. Kinyozi alikuwa anachanga karata kwa mbwembwe. Watoto wawili wa Winchi walikuwa chumbani na vitabu vyao vya shule, wakijifanya wanasoma.

"Karibu, karibu," Winchi alimwambia Mgeni. "Vuta kiti."

"Nitacheza nimesimama. Mgongo."

"Mgongo au wadai?" aliuliza Kinyozi, na wote wakacheka, hata Mgeni.

Mchezo wao ulikuwa ule wa kawaida. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Tano zinafunguliwa mezani, za wote. Unaunganisha zako na za mezani, mwenye mkono mzuri anachukua, na mwoga anatupa karata zake mapema. Badala ya pesa walisukuma kete za plastiki, na hesabu hufanywa mwisho.

Mgeni alizunguka nyuma ya kiti chake muda wote. Anatazama karata, anazunguka, anasukuma kete, anazunguka. Na alipigwa. Alipigwa vibaya, kama ngoma ya kuazima. Kila aliposhindwa alikusanya kete mwenyewe, akazipeleka kwa mshindi, akaweka mkono juu yake.

"Chukua. Ni yako."

Halafu haondoi mkono.

"Sema umepokea," alisema kwa upole. "Kwetu ndivyo tunavyocheza."

"Nimepokea," alisema Kinyozi, "na Mungu akuzidishie."

"Nimepokea," alisema Mwalimu.

Winchi naye alishinda dau moja dogo, akacheka, akasema neno lile. Ila Mfamasia hakuchukua kitu kwa Mgeni jioni ile. Kila walipobaki wawili, alitupa karata zake. Sababu ilikuwa ndogo tu. Mara moja Mgeni alipokuwa anatupa zake, zilijikunja pembeni, na Mfamasia akaziona zote mbili. Ree na ree. Hakuna karata mbili bora kuliko hizo kuanza nazo, na yule mtu alizitupa kama maganda ya ndizi.

Mtu anayekudanganya ili akule, unamjua, umeshamzoea. Lakini mtu anayekudanganya ili wewe umle yeye?

Chakula kilipotangazwa, Mgeni alikuwa hana kete hata moja. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu wamwone, alikaa. Alijishusha kwenye kiti taratibu, kama anayeingia kwenye maji ya moto. Miguu ikatulia. Machozi yakamtoka.

"Pole, mzee," alisema Winchi. "Ijumaa ijayo utarudisha."

"Ijumaa ijayo," alisema Mgeni. "Asanteni. Asanteni sana."

Aliondoka kabla ya kula. Alipofika mlangoni, miguu ilikuwa imeanza tena.

*

Katikati ya wiki Kinyozi alimkata mteja sikio.

Mfamasia ndiye aliyemfunga yule mteja bendeji, na baadaye akaenda kumwona Kinyozi. Alimkuta anazunguka kile kiti chake cha kunyolea, mkasi mkononi, kibandani hamna mtu. Na hakuwa anaongea. Hilo ndilo lililomtisha.

"Umelala lini?" alimuuliza.

"Silali, daktari. Nikilala anafika."

"Nani anafika?"

Kinyozi alitazama nyuma ya bega, akaendelea kuzunguka. "Nikitembea, anakaa mbali. Kama pale mlangoni. Nikisimama... anasogea. Simwoni. Namsikia tu. Jana nilisinzia kidogo, nikasikia pumzi hapa." Akagusa kisogo. "Baridi. Inanuka kaburi."

Mfamasia alirudi dukani. Jioni akapita kwa Mwalimu. Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama barazani, kanga begani, akimtazama mumewe anavyozunguka nyumba. Mzee wa watu, fimbo mkononi, raundi kwa raundi, amejichorea njia kwenye majani.

"Anasema ni mazoezi," alisema yule mama kwa sauti ndogo. "Wewe ni mtu wa dawa, hebu niambie. Mazoezi gani haya ya kulia?"

Mfamasia alimpigia kaka yake.

"Wewe uko salama?"

"Salama nini? Niko juu, nimekaa, nakula upepo."

"Unalala?"

"Kama gogo. Muulize wifi yako, amekoma na mikoromo."

Alishusha pumzi. Akamwomba mchezo wa Ijumaa usiwepo. Winchi akacheka tu. Kaka yake alikuwa mtu wa namna hiyo: ukimwambia kuna simba, anauliza ana uzito gani.

*

Ijumaa ya pili Mgeni alikuja mwenyewe. Amenyoa ndevu. Amenenepa kidogo, au labda ni usingizi. Alikaa kwenye kiti tangu mwanzo, mguu mmoja tu ukimtetemeka chini ya meza.

Wengine walikuwa wamesimama sasa. Kinyozi na Mwalimu walicheza wakizunguka viti vyao, na hawakuangaliana usoni. Wala hawakutaka kushinda. Mfamasia aliliona hilo mapema. Kinyozi alitupa mkono mzuri. Mwalimu, ambaye hesabu zake za karata zilikuwa haziyumbi, akasukuma kete kwenye mkono usio na kitu, huku akimtazama Winchi.

Akimtazama Winchi.

Walikuwa wanatafuta wa kumpa. Watu waliokula pale miaka yote hiyo.

Mgeni alinyanyuka kwenda kunywa maji. Karata za mzunguko mpya zilikuwa zimeshagawiwa, lakini Mfamasia aliziacha mezani, akamfuata. Akamkuta ukumbini kwenye mtungi, kikombe mkononi.

"Umewapa nini wenzangu?" alinong'ona.

"Wameshinda wenyewe."

"Ni kitu gani?"

Mgeni alikunywa kwanza. "Sijui, dada. Mimi sijawahi kusimama nikamuuliza."

"Ulimpata wapi?"

"Nilishinda. Kwenye nyumba kama hii. Mwenyeji mkarimu, watu wacheshi." Mguu wake ulipiga sakafu, tap, tap, tap. "Nilipojua nimeshinda nini, nilirudi kwa aliyenipa. Nikamchungulia dirishani. Alikuwa amelala, dada. Mchana kweupe, kwenye kiti, mdomo wazi. Hakutaka kucheza na mimi tena. Wewe ungekubali?"

"Zitupe pesa zenyewe. Toa sadaka."

"Nimetupa. Nimechoma. Nimetoa. Hatoki kwa kutupwa. Mtu lazima ampate kwa kushinda mchezoni, kisha akubali kwa kinywa chake." Aliweka kikombe chini polepole. "Na hao wenzako wamebeba kivuli tu. Mwenyewe bado yuko kwangu."

Harufu ya udongo ilikuwa imejaa ukumbini.

"Kwa nini nyumba hii?"

"Kaka yako ana mwili," alisema Mgeni, bila ubaya wowote, kama anayesifia ng'ombe. "Anaweza kutembea naye miaka mingi."

Kutoka sebuleni Winchi akaita, "Daktari, karata zako zinapoa."

Mfamasia aliona kile kijumba cha vioo kule juu. Aliona kaka yake ndani yake, nondo zikining'inia juu ya vichwa vya watu, miguu yake ikianza kutaka kwenda. Kwenda wapi, kule juu?

Akarudi mezani.

Karata zake zilikuwa saba ya uru na mbili ya pau. Takataka. Mzunguko ulianza. Mezani zikafunguka mfalme wa kopa, tisa ya kopa, nne ya shupaza. Kinyozi akasukuma kete za thamani yote aliyowahi kushinda kwa Mgeni, Mwalimu naye akasukuma zake, na karata ya nne ilipofunguka, jeki wa kopa, wote wawili wakajitoa. Kete zao zikabaki katikati. Hawakuweza hata kuficha, walishusha pumzi kwa pamoja. Karata ya mwisho, tano ya pau.

Mgeni akasukuma kila kitu.

"Vyote," alisema.

Zamu ilikuwa ya Mfamasia, kisha ya Winchi. Mfamasia alimtazama kaka yake. Alimjua tangu wote wawili wakilala mkeka mmoja. Tundu za pua zilikuwa zimetanuka, mkono umeshashika kete. Ana wafalme. Pengine wafalme wawili mkononi na yule wa mezani, watatu. Na Mgeni hana kitu. Hakuna shaka Mgeni hana kitu.

Mezani kulikuwa na kopa tatu. Mwenye kopa mbili mkononi angekuwa na tano za aina moja, na angewapiga hata wafalme watatu.

Tangu waanze kucheza, hakuna aliyewahi kumkamata Mfamasia akidanganya. Walimtania kwa hilo. Wewe hufai kwa poka, wewe unafaa kwa kanisa.

Alivuta kete zake zote, mnara kwa mnara, akazisukuma katikati. Nyingi kuliko za Mgeni. Nyingi kuliko za kaka yake.

"Vyote," alisema. "Na zaidi."

Winchi aliziachia kete alizoshika.

"Mdogo wangu," alisema Winchi polepole. "Una kopa?"

Mfamasia alikazia macho blanketi. Chini ya meza, mguu wa Mgeni ulikuwa umeacha kutetemeka.

"Usitupe, Winchi," alisema Kinyozi. Sauti ilimpasuka. "Ana nini huyo? Usitupe."

Kosa lake lilikuwa hilo. Winchi alimtazama Kinyozi, akatazama jasho lake, akamtazama dada yake aliyetulia kama maji ya mtungi. Akacheka kwa uchungu. Akageuza karata zake zionekane, wafalme wawili, akazitupa.

"Huyu hadanganyi," alisema. "Chukua, mwanamke. Umeniua."

Wakabaki wawili.

Mgeni alikuwa anatabasamu. Alifungua zake mwenyewe, kwa haraka, kama mtu anayevua kiatu kinachombana. Moja kumi, nyingine sita. Hazikuungana na chochote.

"Chukua," alisema, tayari anazikusanya kete. "Ni yako."

"Ngoja," alisema Mfamasia.

Akafungua saba na mbili.

Mwalimu aliacha kuzunguka. Ndiye aliyezisoma, kwa sauti ya darasani, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza. "Hakuna mwenye kitu. Wote wanatumia mfalme na jeki wa mezani. Inafuata kubwa ya mkononi." Akaigusa karata ya Mgeni kwa fimbo. "Kumi inaipiga saba. Mgeni ameshinda."

Mfamasia alikusanya kete zote, akazipeleka mbele ya Mgeni, akaweka mkono juu yake.

"Chukua. Ni yako. Sema umepokea."

Mgeni alifumba mdomo. Alitikisa kichwa. Midomo ikawa myeupe kwa kubanwa, na macho yakamwomba.

"Sema."

Hakusema.

Halafu, nyuma ya kiti chake, mahali ambapo hapakuwa na mtu...

"Nimepokea."

Sauti nzito. Ya polepole. Kama mtu ambaye kinywa chake kimejaa udongo.

Wote waliisikia. Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, wifi yake akauliza nani amekuja. Nyayo zilizunguka kiti cha Mgeni, zikapita kando ya meza, zikaelekea mlangoni. Mlango ukafunguka.

Mgeni alinyanyuka. Sasa hakukimbia mbele ya kitu. Alikifuata. Alitoka nyuma ya zile nyayo shingo ikiwa imeinama, kama ng'ombe aliyefungwa kamba.

*

Kinyozi alilala siku nzima, akaamka akiongea. Mwalimu akarudi kwenye kiti chake cha barazani. Wote wawili walimletea Mfamasia matunda dukani kwa nyakati tofauti, na hakuna aliyekaa kunywa chai.

Winchi alinuna. Haikuwa kwa sababu ya ile sauti, maana alishajiaminisha kwamba ni mgeni yule anaongea kwa tumbo, kama wale wa sarakasi. Alinunia wafalme wake.

"Saba na mbili," alimwambia kwenye simu. "Mimi kaka yako. Saba na mbili."

"Nisamehe, kaka."

"Sikusamehe. Nitakufunga siku moja mpaka ulie." Lakini alikuwa anacheka.

Hivyo alipopiga tena jioni moja, wakati Mfamasia anahesabu vidonge vya mteja wa mwisho, alitegemea utani. Kwanza ulisikika upepo tu.

"Mdogo wangu," alisema Winchi. "Namwona yule mgeni wetu."

"Uko wapi?"

"Juu. Nilikuwa nafunga kazi. Yuko barabara kuu, kwenye umati wa watu wanaorudi makwao." "Nisikilize. Kutoka huku nawaona wote kama siafu. Kuna nafasi mbele yake. Nafasi tupu, ya upana wa mtu. Watu wanaipisha. Hawaitazami, wanaongea zao, lakini wakifika wanapisha. Na yeye anaifuata."

Mfamasia aliweka vidonge chini. "Inaelekea wapi?"

"Imeshakata kona ya ukuta wa bluu. Inakwenda kwangu." Pumzi ilimpanda. "Nashuka. Ngazi hizi ni ndefu. Wewe uko karibu, wahi."

Aliacha duka wazi. Alikimbia na koti lake jeupe, kandambili moja ikakatika, akaitupa na mwenzake, akaenda peku.

Alimkuta wifi yake anachambua mchele mlangoni, ametulia.

"Karibu, wifi. Mbona unahema?"

"Kuna mtu amekuja?"

"Mtu gani? Niko na hawa wanao tu, na wamenichosha. Tangu baba yao awanunulie viatu vipya hawakai. Shule wamerudishwa leo, eti wanatembea darasani."

Mfamasia alisimama. "Alinunua kwa pesa gani?"

"Si zile alizoshinda kwa yule mgeni wenu. Ijumaa ile ya kwanza. Alivinunua kesho yake, akasema zisipotee bure, akavicheza nao karata wakavishinda, wakasema 'nimepokea' kama nyie."

Kutoka sebuleni ilisikika miguu midogo juu ya sakafu. Haikuwa inakimbia. Ilikuwa inatembea.

Aliingia. Watoto walikuwa wanazunguka meza, mkubwa mbele, mdogo nyuma, nyuso zao zimechoka kama za wazee. Viatu vyeusi vinang'aa.

"Shikamoo, shangazi," walisema bila kusimama.

"Marahaba. Mnacheza nini?"

"Hatuchezi," alisema mkubwa. "Kuna mtu nyuma yetu." Mdogo akaanza kulia, miguu ikiendelea.

Harufu ya udongo iliingia kupitia dirishani. Nje, upande wa pili wa barabara, Mgeni alikuwa amesimama. Amesimama kabisa. Amekonda tena.

"Kuna kidogo kilibaki," alisema, karibu na kunong'ona, lakini alimsikia. "Amekuja kukichukua. Mimi namfuata tu, dada. Sina amri."

Mfamasia hakuwa na muda wa kuogopa. Alifungua droo, akatoa karata, akavuta kiti. Mikono yake ilichanga yenyewe.

"Wanangu, vueni viatu. Wekeni hapa mezani."

"Kwa nini?"

"Tunacheza. Shangazi anaweka koti lake, nyie mnaweka viatu. Kila mtu karata moja. Mwenye kubwa anachukua."

Walivua wakitembea, wakirukaruka kwa mguu mmoja. Viatu vinne vikawa juu ya blanketi la kijivu. Akagawa. Mkubwa alipata nne. Mdogo alipata tisa, akaifurahia hata katika machozi yake. Mfamasia aligeuza ya kwake. Malkia.

"Semeni, 'Chukua. Ni yako.'"

"Chukua," walisema. "Ni yako."

Wifi yake alikuwa amefika mlangoni na ungo mkononi. Alitaka kuuliza kitu, akaona uso wa Mfamasia, akaacha.

"Nimepokea," alisema Mfamasia.

Mdogo alisimama kwanza. Kisha mkubwa. Walitazama miguu yao, wakakaa sakafuni pale pale, na kabla mama yao hajawafikia walikuwa wamelala, kichwa cha mmoja kwenye paja la mwingine.

Mfamasia alihisi visigino vyake vikianza kutaka kwenda. Haikuuma. Ilikuwa kama kuwasha, halafu kama kiu.

"Unakwenda wapi, wifi?" aliulizwa. "Chakula kinakaribia."

"Namsindikiza mgeni," alisema.

Kwenye kona ya ukuta wa bluu alikutana na Winchi anakuja mbio, shati limelowa, vumbi la saruji usoni. Kaka yake alimwona, akatazama miguu yake peku, akafungua mikono kumzuia.

"Simama," alisema. "Mdogo wangu. Simama tuongee."

Alitaka kusimama. Ni jambo alilolitaka kuliko yote. Alipita chini ya mkono wake kama maji.

"Watoto wamelala," alimwambia, akienda. "Kakae nao. Na kaka... viatu vile vitoke ndani, usimpe mtu."

Alimsikia akimfuata kwa muda, akiita, akibembeleza, kisha akilia. Kisha mapafu yakamshinda, na sauti ikabaki nyuma.

Barabara kuu ilikuwa na watu wengi. Walipisha. Mama mmoja mwenye kikapu alisogea pembeni akiendelea kucheka na mwenzake. Mfamasia alitembea bega kwa bega na Mgeni, na hatua chache mbele yao zilikwenda zile nyayo nzito, za polepole, ambazo hakuna mwingine aliyeonekana kuzisikia.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza.

"Hajawahi kusema."

Taa za mtaa ziliwaka. Nyayo za mbele zikapunguza mwendo. Zikakokota kwenye lami, moja, halafu nyingine, kama za mtu anayetaka kugeuka aone ni nani mpya anayemfuata.

Mgeni akamshika mkono.

"Akigeuka," alinong'ona, "inama. Usimtazame."